Seti ya inveta na betri ya lithiamu Ah 100: ukiipanga kwa saa tatu itakuacha gizani

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, swali la kwanza huwa hili: "Kwenu stima hupotea kwa muda gani?" Mteja hujibu saa mbili, saa tatu, na kwa jibu hilo anawekewa mezani inveta ya VA 1,000, yaani wati 800 hivi, pamoja na betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8 na Ah 100 (ampia-saa, kipimo cha ukubwa wa betri). Kwa saa tatu seti hii haina shida. Kasoro iko kwenye swali, maana linapima usiku ambao mteja hajauona kwa kuhesabu saa za giza ambazo ameshaziona.

Angalia gridi yenyewe, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikazima. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka. Tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo usiku, gridi ilianguka tena. Kidole kikaelekezwa kituo cha upepo cha Turkana, nao wenye kituo wakasema volti ya gridi ndiyo iliyokitoa kituo chao kwenye mtandao. Watu wengi walilala gizani wakaamkia giza. Novemba na Desemba mwaka huo huo ikawa vilevile. Uzio unaozuia tumbili hausaidii mnara uliolegea. Kwa hiyo mnunuzi asijisumbue kubashiri chanzo. Ajue betri yake imebeba nini, na kitu gani hakitakiwi kuzima kabisa.

Betri hii ina Wh 1,280 (wati-saa: volti 12.8 mara Ah 100). Ukiacha asilimia 10 chini kwa usalama, unabaki na 1,152. Inveta nayo hula: chukua wati 15 kwa kuwaka tu, na asilimia 8 ya umeme unaopita ndani yake. Taa tatu za wati 7, ruta ya wati 10, televisheni ya wati 45 na simu mbili za jumla ya wati 20 ni wati 96. Muuzaji atagawanya 1,280 kwa 96 akuambie saa 13. Ukihesabu anachokula inveta, hazifiki 10. Mtu aliyewasha vyote hivyo saa nne kasorobo usiku wa Agosti angezimikiwa yapata saa moja na nusu asubuhi. Akizima televisheni tu, anapata saa 16.

Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni zile wati 15. Ruta peke yake kupitia inveta inamaliza betri kwa saa 44. Ruta nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo fundi akiiunganisha moja kwa moja na betri kupitia kidhibiti kidogo cha volti 12, inveta ikazimwa, inakaribia saa 100. Kidhibiti hicho ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho tungekiongeza kwanza, kabla hata ya betri ya pili. Usiiunganishe ruta na betri bila kidhibiti: betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14.4.

Ubovu mkubwa wa seti hii hujitokeza betri ikiisha kabisa, jambo ambalo katika ukatikaji wa saa tatu halitokei kamwe, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nayo miaka miwili akiisifu. Ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, BMS kwa lugha ya mafundi. Volti zikishuka hadi karibu 10, bodi hiyo hukata njia. Stima ikirudi, baadhi ya inveta huangalia betri, huona volti sifuri, hudhani hakuna betri, na hukataa kuchaji. Umeme upo ukutani, betri ni nzima, na mwenye nyumba bado yuko gizani ikikatika tena. Dawa yake ni kuweka inveta izime mapema, kwenye volti 12.0, kabla BMS haijafika. Siku ya kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe mpangilio huo kwenye skrini. Kama haubadiliki, rudisha.

Hapohapo badilisha aina ya betri, kwa kuwa inveta nyingi hutoka zikiwa zimepangiwa betri za asidi. Chaji iwe volti 14.2 hadi 14.4, ya kushikilia betri ikishajaa 13.5, na ule mzunguko wa kusawazisha wa betri za asidi uzimwe. Chaja ya ampia 20 huchukua zaidi ya saa 5 kujaza. Stima ikirudi kwa saa moja kisha ikapotea, umeongeza Wh 256 tu, basi usikimbilie kuwasha pasi.

Uzito wa betri useme ukweli: Ah 100 za LiFePO4 huwa kilo 10 hadi 12. Ya kilo 6 si Ah 100, hata karatasi iandike nini. Waya wa betri uwe wa mm² 25, fyuzi ya ampia 100 karibu na betri. Betri iwekwe juu ukutani kwa walio vyumba vya chini. Maji ya Aprili 2024 kule Mathare na Mukuru hayakuuliza mwaka jana yalifika wapi.

Kila baada ya miezi mitatu, zima swichi kuu na uache mzigo wote ukimbie hadi inveta ijizime yenyewe, kisha urudishe stima uone kama inachaji. Usiku ule wa Agosti jenereta ya sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka. Kitu cha akiba kisichobebeshwa mzigo hakijulikani hali yake.

Kwa nyumba na kinyozi tunaipendekeza, ikiwa na marekebisho hayo. Kwa duka la dawa, hapana, si peke yake. Friji ya wati 150 inaweza kuvuta zaidi ya wati 900 kompresa inapoanza, na inveta hii ikazima. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo weka kasha la kupozea, pakiti za barafu zilizofungwa kitambaa zisiigandishe dawa, na kipimajoto ndani. Pakiti zikae kwenye friza wakati wote, hata wiki ambazo stima haijapepesa.