Kamba wa Barafu, Pweza wa Bamvua: Kununua Samaki wa Idi Dar es Salaam

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji, na karibuni tena. Pakiti mnayoiona mezani nimeinunua katika duka moja kubwa la hapa Dar es Salaam ambalo sitalitaja, na imeandikwa kwa herufi nene kwamba ndani yake mna kilo 1 ya kamba. Ladha ya kamba na faida zake mwilini nitaziruka, kwa sababu sidhani kama kuna mtazamaji wa chaneli hii anayehitaji kuhubiriwa kuhusu kamba. Nitazungumzia maji. Idi el Fitri inakaribia, watu wanaandika orodha za vyakula, wengi wenu mmeniuliza kama pakiti hizi zinafaa kwa biriani ya sikukuu, na jibu langu linaanzia kwenye mizani hii ya jikoni.

Mfuko mtupu nimeshauondoa katika hesabu, na mizani inasoma gramu 1,000 kamili, kwa hiyo mpaka hapa mwenye duka hana kosa. Sasa nawamimina kamba kwenye chujio na kuwamwagia maji baridi ya bomba mpaka tabaka hili la barafu linalong'aa juu yao liondoke. Ninafanya hivyo huku nikiwageuza taratibu, bila kuwaacha wayeyuke mpaka ndani, kwa sababu nyama ikianza kulegea itatoa maji yake yenyewe na tutakuwa tunamwonea muuzaji. Wapo mlioandika kwamba video zangu ni ndefu mno, na nimewasikia, lakini sehemu hii sitaikata hata kidogo, maana nikiikata mtasema nimebadilisha kamba nyuma ya kamera. Tazameni mkia wa huyu: ulionekana mnene kama kidole gumba changu, na sasa barafu imetoka umebaki mwembamba kuliko kidole kidogo. Nawakung'uta, nawapangusa kwa kitambaa kikavu, nawarudisha juu ya mizani, nanyi mnaweza kusoma wenyewe kwamba ni gramu 740.

Gramu 260 zilikuwa maji. Tuseme pakiti ya namna hii inauzwa shilingi 30,000. Basi shilingi 7,800 umelipia barafu, na kilo ya kamba wenyewe imekugharimu zaidi ya shilingi 40,000, bei ambayo ungeiona mlangoni ungegeuka na kuondoka. Sisemi kwamba barafu yote ni wizi. Tabaka jembamba la barafu lina kazi yake, kwani huzuia hewa kavu ya friza isiikaushe nyama na kuifanya iwe nyeupe na ngumu pembezoni. Lakini kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, kuhusu kamba waliogandishwa zinataka uzito unaotangazwa kwenye pakiti uwe uzito wa kamba bila tabaka hilo, na kwa kigezo hicho pakiti hii haikupaswa kuandikwa kilo 1. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuteni kwenye lebo maneno yanayoeleza uzito halisi baada ya kuondoa barafu, na msipoyaona, itikiseni pakiti: kamba walioshikamana kuwa bonge moja, na theluji iliyojaa pembeni mwa mfuko, ni dalili kwamba waliwahi kuyeyuka njiani na kugandishwa tena.

Jambo la pili kwenye pakiti nitalipitia haraka. Namba kama 21/25 inaeleza idadi ya kamba katika uzito fulani, na mara nyingi uzito huo ni ratili, yaani takriban gramu 454, ingawa kwa kamba wenye vichwa huwa ni kilo. Ulizeni ni ipi kati ya hizo mbili, kwa kuwa tofauti yake ni zaidi ya maradufu. Kumbukeni pia kwamba kamba mzima, akitolewa kichwa na ganda, hubaki takriban nusu ya uzito wake, na kwa sababu hiyo anayelinganisha bei ya kamba wazima wa sokoni na bei ya kamba waliomenywa dukani huku akitazama kilo peke yake atafikia uamuzi usio sahihi.

Je, sokoni ni bora? Kwangu mimi ni bora, ila kwa masharti. Kamba wetu huishi kwenye maji ya tope karibu na midomo ya mito na mikoko, kama vile Delta ya Rufiji na pwani ya Bagamoyo, na wanaofika Soko la Samaki la Feri, pale Magogoni, huwa wamewekewa barafu kwa viwango tofauti kabisa, hata ndani ya meza moja. Kichwa kilichoanza kuwa cheusi hakimaanishi lazima kwamba kamba ameoza, kwa sababu weusi huo hutokana na vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe, lakini kichwa kinacholegea shingoni na harufu kali inayochoma pua ni sababu ya kutosha kuhamia meza nyingine. Muuzaji akikuzuia kunusa, umeshapata jibu.

Sasa tuje kwa samaki, na hapa ninaye changu mzima niliyemnunua asubuhi hii. Watu wengi hutazama macho, na ni kweli kwamba jicho la samaki mpya huwa limejaa na linang'aa. Hata hivyo, jicho lililogusana na barafu muda mrefu huweza kuingia ukungu ilhali samaki ni mzima kabisa, na kwa sababu hiyo mimi huyaamini zaidi matamvua. Nainua kifuniko cha shavu, namsogezea kamera, na mnaona wekundu wa damu pamoja na ute usio na rangi. Samaki aliyekaa huwa na matamvua ya kahawia au kijivu, na ute wake huwa mzito kama uji. Nabonyeza nyama kwa kidole na shimo linajaa papo hapo. Ukimkuta samaki ambaye matamvua yake yamekwisha kunyofolewa kabla hujafika, usikubali maelezo kwamba amesafishwa kwa heshima yako. Vilevile, samaki ambaye nyama yake imelegea, mbavu zimeachana na nyama na damu imevilia tumboni, huenda aliuawa kwa baruti. Uvuvi huo ni haramu kisheria na huharibu miamba, na hata mchuzi wake hausimami vizuri.

Kwa nguru na jodari nina ukali wa ziada, kwa kuwa wengi wetu hununua vipande. Kipande hakina shavu la kuinua wala jicho la kutazama. Samaki wa jamii hii, pamoja na vibua, wakiachwa kwenye joto hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na histamini haiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa ndimu. Mlaji hujikuta anawashwa, uso umekuwa mwekundu na kichwa kinagonga, wakati wageni ndio kwanza wanaingia sebuleni. Ushauri wangu ni kwamba familia mbili au tatu zichangie nguru mmoja mzima, wamkague, kisha wamkatishe mbele ya macho yao na kugawana. Ndivyo inavyofanyika pia kwenye mnada wa asubuhi, ambako dalali hunadi samaki wa jumla, na mnunuzi mmoja peke yake hulemewa na mafungu makubwa.

Nimeulizwa kwa nini sizungumzii sato, ambaye sasa anapatikana karibu kila duka lenye friza. Sato ni samaki mzuri wa Ziwa Victoria na mimi humla bila kinyongo, lakini kwa samaki wa kupaka wa Idi, mwenye tui zito na moshi wa mkaa, nyama yake laini hushindwa kustahimili kugeuzwa mara nyingi. Changu au kolekole hustahimili. Watazamaji wangu wa Mwanza watanijibu hapo chini, kama kawaida yao, nami nitasoma.

Nimemweka pweza baadaye kwa makusudi, kwa sababu ndiye anayenifurahisha zaidi katika sikukuu hii, na sababu yake iko angani. Idi el Fitri huanza kwa mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, kiasi kwamba katika pwani yetu tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huzidi meta 3. Bahari inapokupwa hivyo, miamba hubaki wazi na wavuvi wa miguu, wengi wao wanawake katika vijiji vya Unguja, Pemba na Mafia, huweza kufikia mapango ya pweza ambayo wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupwa kidogo tu, hufunikwa kutwa nzima. Kwa hiyo, siku za mwisho za Ramadhani, hasa kuanzia tarehe 28, ndizo siku ambazo pweza wapya huanza kuongezeka sokoni. Anayenunua pweza tarehe 22 au 23 ya Ramadhani ili kuwahi msongamano anamnunua katika maji mafu, wakati pweza ni wachache na wale waliopo huenda wamekaa. Idi el Hajj haina bahati hiyo, kwa sababu huwa tarehe 10 ya mfungo tatu, siku ambayo bahari ndiyo kwanza inatoka kwenye maji mafu.

Giza hilohilo la mwisho wa mwezi huwasaidia wavuvi wa taa, ambao husimama wakati wa mbalamwezi kwa kuwa samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wao, na ndiyo maana vibua na dagaa huwa wengi katika siku hizo. Fungu la vibua wapya, waliopakwa pilipili, kitunguu saumu na ukwaju, kisha wakachomwa, ni chakula cha sikukuu kamili, na ninawaonea huruma wanaoona aibu kumwandalia mgeni vibua huku wakimwandalia kamba wa barafu bila aibu yoyote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo litawashangaza baada ya hasira zangu za mwanzo: pweza huwa bora zaidi akigandishwa. Baridi hupasua nyuzi za nyama yake na kumlainisha, kazi ambayo vinginevyo hufanywa kwa kumpiga juu ya jiwe mpaka mkono uchoke. Mnunueni mpya, mkihakikisha rangi yake haijapauka na ngozi haichubuki kwa kuguswa tu, msafisheni, mgandisheni nyumbani usiku mmoja au miwili, kisha mchemsheni kwa moto mdogo kabla ya kumtia tui. Nunueni wa kutosha, kwa sababu pweza hupungua karibu nusu ya uzito wake chunguni. Barafu, basi, haina ubaya wowote ikiwa ni yako, umeitengeneza mwenyewe na hukuilipia kwa bei ya kamba.

Kuhusu bei kwa jumla, msinitake niwape namba moja, kwa sababu bei ya Feri ya alfajiri si bei ya saa tano, na bei ya mkesha wa Idi haifanani na ya siku tatu kabla. Ninachoweza kusema ni kwamba samaki wengi huuzwa kwa fungu, na fungu hupangwa ili wazuri wakae juu. Ombeni ruhusa ya kuligeuza kabla ya kutaja bei yenu. Nendeni na ndoo yenye kifuniko au deli lenye barafu, kwani tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mifuko mbadala hupitisha maji ya samaki mpaka kwenye kiti cha daladala. Vijana wa kupara samaki wapo hapohapo sokoni, nanyi patanisheni malipo yao kabla kisu hakijaanza kazi.

Mwisho ni habari za chaneli. Kipindi chetu kimehamia Alhamisi saa mbili usiku, baada ya futari, na wale ambao hawajajiunga wabonyeze kitufe kilicho chini ya video hii. Alhamisi ijayo nitakuwa na kaa wa mikoko walio hai, ambao hununuliwa kwa kigezo cha uzito wao mkononi kuliko ukubwa wa gamba, na wale walioniuliza namna ya kutofautisha jike na dume wavumilie, kwa kuwa nitawageuza wote wawili chali mbele ya kamera.