Kebo za sauti kwa muziki wa nyumbani: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Mtu anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, akitafuta waya wa kuunganisha spika zake, huonyeshwa bidhaa zinazofanana kwa macho ilhali bei zake zinapishana mara kadhaa. Muuzaji humsifia ile yenye ganda nene linalong'aa, na mnunuzi hana namna ya kumbishia kwa sababu kilicho muhimu kimefichwa ndani ya ganda hilo. Mwongozo huu unazipanga kebo kwa kigezo kimoja, yaani kiasi ambacho fedha iliyotolewa inasikika katika muziki. Unamhusu mwenye seti ya kawaida: amplifaya moja, spika mbili, pengine sabufa, pamoja na simu au televisheni ya kuchezea nyimbo.

Ni lazima kwanza zitenganishwe kebo za aina mbili, kwa kuwa kila moja ina kazi yake. Waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika hubeba mkondo mkubwa wa umeme, na spika yenyewe ina ukinzani mdogo wa omu 4 hadi 8. Kwa hiyo ukinzani wowote unaoongezwa na waya hula sehemu ya nguvu hiyo. Kebo inayotoka kwenye simu au deki kuingia kwenye amplifaya hubeba mawimbi hafifu yanayopokelewa na mlango wenye ukinzani wa maelfu ya omu, na hapo unene wa waya hauna maana yoyote. Kinachotakiwa ni kinga dhidi ya mngurumo. Anayelijua hili hatauziwa kebo nene ya simu wala waya mwembamba wa spika.

Waya wa spika: nafasi ya kwanza

Chaguo ninalolipa nafasi ya kwanza bila kusita ni waya laini wa shaba halisi, wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani yake, wa milimita za mraba 2.5, unaouzwa kwa mita. Hauhitaji kuandikwa kwamba ni wa muziki. Ule wanaouza mafundi umeme kwa ajili ya vifaa vya kawaida unafaa kabisa, mradi uwe wa nyuzi nyingi na si ule mgumu wa uzi mmoja unaofungwa ndani ya kuta, ambao hukatika ukikunjwakunjwa na hauingii vizuri katika vibanio vidogo vilivyo nyuma ya spika.

Sababu yake ni hesabu inayoweza kufanywa na yeyote. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa waya wote, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika. Kwa spika ya omu 8, huo ni omu 0.4, na upotevu wake wa sauti ni kama nusu desibeli, kiasi ambacho ni vigumu kukisikia. Mita moja ya waya laini wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ina ukinzani wa takriban omu 0.008, kwa hiyo spika ya omu 8 inaweza kukaa umbali wa mita 25 kutoka kwenye amplifaya bila kuvuka kiwango hicho. Waya wa milimita za mraba 1.5 hufika mita 15, na ule wa 0.75 huishia kwenye mita 7 na ushei. Ikiwa spika ni za omu 4, kama zilivyo nyingi zinazokuja na sabufa, umbali wote huo ugawanywe kwa mbili.

Kutokana na hesabu hiyo, waya wa milimita za mraba 1.5 unashika nafasi ya pili, na katika sebule nyingi za kwetu, ambako spika hazifiki mita 5 kutoka kwenye amplifaya, unatosha kabisa. Naupa 2.5 nafasi ya kwanza kwa sababu tofauti ya bei kwa mita chache ni ndogo, na mtu akihamia nyumba kubwa zaidi au akibadilisha spika hatalazimika kununua tena. Kupanda hadi milimita za mraba 4 kwa sebule ya kawaida ni kulipia shaba ambayo sikio halitaitambua.

Nafasi ya tatu naupa waya wa alumini uliopakwa shaba, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa maana waya huu huuzwa mara nyingi kana kwamba ni shaba tupu. Si waya mbaya kwa asili yake. Unapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba, hivyo ule wa milimita za mraba 2.5 unafanya kazi ya shaba ya 1.5 hivi; akiuziwa kwa jina lake na kwa bei yake, mnunuzi hajadhulumiwa. Udhaifu wake mwingine ni kwamba nyuzi zake hukatika haraka zikifungwa na kufunguliwa mara kwa mara.

Kuutambua si kazi ngumu. Mwombe muuzaji akumenyee ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Ukiona kinyume chake, yaani weupe juu na wekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni nzuri. Uzito nao hausemi uongo, kwa kuwa shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini kwa ujazo uleule. Roli mbili za ukubwa mmoja zikishikwa mkononi hujitenga zenyewe.

Waya mwembamba unaokuja ndani ya boksi la spika uko chini ya hapo. Utumike kwa mita mbili au tatu, si zaidi.

Nafasi ya mwisho, na naisema kwa uzito wote, ni ya kebo za kifahari zinazouzwa kwa mamia au maelfu ya dola kwa ahadi ya sauti iliyo wazi zaidi. Mwaka 2007 mwanamazingaombwe James Randi wa Marekani, aliyekuwa na zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kwamba ana nguvu zisizo za kawaida, aliielekeza zawadi hiyo pia kwa yeyote atakayeweza kutofautisha kwa masikio tu kebo za spika za dola 7,250 na kebo za kawaida zilizo nzuri. Hakuna aliyeichukua. Fedha ya namna hiyo ikielekezwa kwenye spika bora, mabadiliko yatasikika hadi chumba cha pili.

Kebo za kuingiza sauti

Kwa simu au kompyuta, chaguo la kwanza ni kebo yenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili vya RCA, chekundu cha kulia na cheupe cha kushoto, upande wa pili. Chagua yenye wavu wa shaba unaozunguka nyaya za ndani, isiyo ndefu kuliko inavyohitajika, mita 1.5 inatosha wengi. Vichwa viwe vya kushika imara bila kucheza. Kwa wakazi wa Unguja, Tanga au Mombasa, ambako hewa ya chumvi hufanya metali iote kutu mapema, vichwa vilivyopakwa dhahabu vina faida ya kweli, kwa sababu dhahabu haishiki kutu, si kwa sababu inatoa sauti tamu zaidi.

Kwa televisheni, naitanguliza kebo ya mwanga, ile ya TOSLINK iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983, ikiwa amplifaya ina mlango wake. Haipitishi umeme, hivyo haiwezi kuleta ule mngurumo wa hezi 50 unaozaliwa vifaa viwili vinapounganishwa kwenye soketi tofauti. Usiikunje kwa pembe kali, na katika mipangilio ya televisheni chagua PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, la sivyo amplifaya ya kawaida inaweza kubaki kimya. Palipo na mlango wa HDMI ulioandikwa ARC (unaorudisha sauti kutoka televisheni kwenda kwenye amplifaya) pande zote mbili, kebo ya HDMI ya bei ya kawaida hufanya kazi hiyo vilevile, na rimoti ya televisheni huweza kuongoza sauti.

Siku ya kufunga

Zima amplifaya na uichomoe kwenye soketi kabla ya kugusa waya wowote. Menya kiasi cha sentimita moja tu, sokota nyuzi ziwe kitu kimoja, na hakikisha hakuna uzi hata mmoja unaogusa kibanio cha jirani, kwani mguso huo unaweza kuiunguza amplifaya. Fuata upande wa waya wenye mstari au rangi tofauti, ili chanya iende kwenye chanya katika spika zote mbili. Kisha keti katikati yao na upige wimbo wenye besi nzito: besi ikiwa hafifu na sauti ya mwimbaji ikakosa mahali pa kutulia, zima tena, badilishanisha nafasi za nyaya mbili za spika moja tu, halafu usikilize upya.