Kurasa za mkasi za sikukuu za Kiyahudi: uzoefu wangu wa mwaka mzima darasani

Mimi ni mwalimu msaidizi kwenye chekechea ya Kiyahudi viungani mwa Baltimore, darasa la watoto wa miaka mitatu na minne. Septemba 2024 nilinunua mtandaoni faili la mazoezi ya kukata kwa mkasi, kurasa sitini na ushei, picha zote za sikukuu za Kiyahudi, la kuprinti mwenyewe. Nililipa dola 8. Nimelitumia mpaka shule ilipofungwa Juni 2025, na ninawaandikia wenzangu mnaolea watoto wa watu huku ughaibuni, maana wengi wetu tunaajiriwa kwenye shule za dini ambazo hatukuzaliwa nazo na tunataka kazi yetu ifanyike kwa heshima.

Kwa kifupi: nunueni, ila msifuate mpangilio wake.

Faili limepangwa kwa kalenda, na hapo ndipo lilipokosea. Linaanza na Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya, ambao mwaka ule uliingia jioni ya tarehe 2 Oktoba. Ukurasa wa kwanza ni tufaha, lile la kuchovya kwenye asali. Wa pili komamanga. Wa tatu shofari, baragumu la pembe la kondoo dume. Picha zinapendeza sana. Lakini ukizitazama kwa jicho la mkasi, tufaha ni duara, komamanga ni duara lenye taji, na baragumu ni upinde juu ya upinde. Kazi hiyo inamkuta mtoto mwenye mwezi mmoja tu shuleni, anayeshika mkasi kwa mikono miwili. Wa miaka mitatu anadonoa karatasi pembeni. Akijitahidi anakata mstari mfupi ulionyooka. Duara wengi wao hulipata wakikaribia miaka mitano. Siku ile tulipata matufaha yaliyokatika vipande vipande na watoto wawili wakilia, na kosa halikuwa lao.

Wiki mbili baadaye ikaja Sukoti, ile tunayoisoma kwenye Biblia kama Sikukuu ya Vibanda. Mimi mtu wa Tanga sihitaji kufundishwa kibanda. Chao kinaezekwa kwa matawi yaliyokatwa, na ndani hupambwa: matunda, picha, na minyororo ya karatasi za rangi. Ukurasa wa mnyororo ulikuwa umezikwa katikati ya faili. Ni vipande virefu vyembamba tu. Mtoto anakata mara moja au mbili, kipande kinadondoka mezani, anakipaka gundi, anakipitisha kwenye pete iliyotangulia. Mkato mmoja, matokeo yanaonekana. Tulitengeneza mnyororo uliozunguka kibanda cha shule kuta tatu. Ningekuwa mimi niliyelipanga faili hili, huo ndio ungekuwa ukurasa wa kwanza, na matufaha ningewapa walimu wayakate, watoto wayapake rangi.

Nielezee kidogo kuhusu mtoto mmoja, kwa sababu ndiye aliyenifunza zaidi. Kila mkasi aliopewa ulikunja karatasi badala ya kuikata. Karatasi ilikuwa inalala katikati ya makali mawili kama ulimi, yeye anabana, anabana, uso unamwiva. Nilimrekebisha kidole, gumba juu, hakuna lililobadilika. Ndipo nikamwona akichukua kijiko. Ni wa shoto. Mkasi wa kawaida ukiushika kwa mkono wa kushoto, ule mbano wa vidole huyatenganisha makali badala ya kuyakutanisha, na mkono wenyewe unaziba mstari anaotakiwa kuufuata. Pwani nilikokulia mtoto wa shoto alikuwa anachapwa kidole ili ale kwa mkono wa kulia, na nakiri kwamba ndiyo maana nilichelewa kumwona. Tulimnunulia mkasi wa mkono wa kushoto. Mkato wa kwanza ulipotoka alisimama, akaninyooshea kile kipande bila kusema neno. Faili halina hata sentensi moja kuhusu watoto wa aina hii, nalo linauzwa kwa walimu. Naliondolea nyota moja kwa hilo.

Hanuka, sikukuu ya siku nane ya kuwasha mishumaa, ndiyo sehemu bora kuliko zote. Mishumaa ni mistari iliyonyooka, na ni mingi: siku ya kwanza mmoja na mshumaa wa kuwashia, unaoitwa shamashi; siku ya pili miwili na shamashi, mpaka siku ya nane. Ukijumlisha yote ni 44. Mazoezi 44 ya mkato ulionyooka bila mtoto kuchoka, kwa kuwa kila siku kuna sababu mpya ya kukata! Kinara chenyewe tuliwakatia sisi. Hakikisha tu kina matawi tisa, maana picha moja humo ina saba, na cha matawi saba ni kile cha hekaluni. Ile pia ya kuchezea, inayozungushwa mezani, yenye herufi nne za Kiebrania, nayo imo, lakini ile ya kukunja kuwa sanduku waachie watoto wakubwa. Ya bapa inatosha.

Kuna ukurasa mmoja wa Hanuka nawaomba muuondoe kabisa. Una baraka ya kuwasha mishumaa kwa Kiebrania, na mstari wa nukta wa kukata unapita katikati ya maandishi. Nilikuwa nimeshachapisha nakala za darasa zima mwalimu ninayemsaidia alipoushika na kunyamaza. Baraka ile ina jina la Mungu, na karatasi yenye jina hilo haikatwi wala haitupwi kwenye taka. Huhifadhiwa, kisha huzikwa. Tulizikusanya zote tukazipeleka kwa rabi. Hakunilaumu mtu, lakini mimi niliumia. Kwa hiyo chochote chenye Kiebrania, onyesha kwanza kabla hujagusa mkasi.

Na Ijumaa mikasi irudi kabatini mapema. Kukata karatasi ni miongoni mwa kazi wanazoziacha siku ya Sabato, inayoingia Ijumaa jua likizama, hivyo usimpe mtoto kazi nusu ukamwambia akaimalizie nyumbani.

Purimu, sikukuu ya kukumbuka Malkia Esta alivyowaokoa watu wake na njama za Hamani, ilitukuta Machi 2025, na hapo watoto walikuwa wameiva. Taji la Esta lina mstari wa meno kama msumeno: unakata, unasimama, mkono wa pili unageuza karatasi, unakata tena. Huo mkono wa pili ndio nusu ya kazi. Tumia karatasi ya manila, kwa sababu karatasi nyembamba inayumba na kumvuruga mtoto. Biskuti za Hamani ni duara unalolikunja pande tatu likawa pembetatu, na wengi walikata duara lao vizuri, wale wale wa matufaha ya Oktoba.

Pasaka, faili linashauri watoto wajizoeze kukata udongo wa kuchezea wa dukani. Aina inayojulikana zaidi ina ngano, nayo ni miongoni mwa vitu vinavyotolewa darasani kabla ya sikukuu pamoja na kila chenye chachu. Sisi tulikata mirija ya plastiki. Vipande vinaruka kila upande, watoto wanapenda.

Angalizo jingine ambalo hutalikuta kwenye faili: baadhi ya familia hazimnyoi mtoto wa kiume mpaka atimize miaka mitatu, na kunyolewa kwenyewe ni sherehe. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo mezani, usimpe kisogo hata kidogo wakati mikasi iko nje.

Lililonisikitisha ni Shavuoti, Sikukuu ya Majuma. Faili limeipa kurasa mbili, mbao za Amri Kumi basi. Kumbe hii ndiyo sikukuu ya mkasi hasa. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa wakikunja karatasi na kuikata maua ya waridi, wakiyabandika madirishani kwa siku hiyo. Kwa Kiyidi, lugha yao, waliyaita royselekh. Nilielezwa hayo na bibi wa mtoto mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake, akakaa kwenye kile kiti kidogo na kunionyesha anavyokunja: nusu, robo, kisha kona.

Shavuoti ilikuwa inaingia jioni ya tarehe 1 Juni, kwa hiyo wiki ile ya mwisho ya Mei niliweka faili pembeni. Karatasi nyeupe, mikunjo mitatu, kata unapotaka. Mtoto wangu wa shoto alifungua la kwake taratibu, akaona matundu yamejirudia pande zote, akaomba karatasi nyingine. Alikata saba. Yako bado kwenye kioo cha dirisha la mashariki, jua la asubuhi likipita ndani yake.