Fundi bomba aliyeniambia nimwitie mwenye nyumba

Nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira, nisubiri zipoe. Nimesubiri. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Ilikuwa miezi michache iliyopita. Rangi ya ukuta wa jikoni, nyuma ya sinki, ilianza kufura. Mwanzoni alama ilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto, nikadhani ni maji ya kuoshea vyombo yanarukia pale. Baada ya siku chache rangi ikaota malengelenge, ukiyabonyeza kwa kidole yanabonyea, na chini kwenye marumaru kukawa na unyevu usiokauka hata ukipiga deki mara tatu kwa siku. Nyumba yangu ina watoto watatu, na mama mkwe anaishi nasi. Miguu yake haina nguvu tena, anatembea kwa kushika kuta. Sakafu yenye maji kwetu si kitu cha kusema tutashughulikia mwisho wa mwezi.

Kabla sijamwita mtu nilitaka kujua nashughulika na nini. Usiku, watoto walipolala, nilifunga koki zote, nikasubiri tanki la choo lijae na kutulia, nikatoka na tochi ya simu mpaka kwenye mita ya maji. Kuna kigurudumu kidogo pale katikati ambacho maji yakipita, hata kidogo sana, kinazunguka. Kilikuwa kinazunguka. Nikaandika tarakimu kwenye daftari, na asubuhi kabla hajaamka mtu nikasoma tena: zimesogea, na nyumba nzima ilikuwa imelala. Kisha nikafunga koki kuu na kufungua ile koki ya nje, iliyo chini kuliko zote. Maji yalipungua lakini hayakukatika. Uzi mwembamba uliendelea kutoka, na haukukoma hata nilipomaliza kuwaandaa watoto kwenda shule. Kwa hiyo nilijua mambo mawili: bomba linavuja ndani ya ukuta, na koki kuu haifungi mpaka mwisho. Yote mawili niliyaandika.

Nikapiga simu kwa kampuni moja ya matengenezo ya nyumba. Ofisini walinisikiliza vizuri, wakaahidi fundi asubuhi. Alifika alasiri, wakati watoto wanarudi. Sikukasirika kwa hilo. Fundi huchelewa alikotoka, naelewa.

Aliingia, akatazama sinki, akatazama ukuta, kisha akanitazama mimi nimesimama na daftari langu mkononi. Akasema, "Mama, niitie mwenye nyumba tuongee."

Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi.

"Namaanisha baba."

Nikamwambia baba amesafiri kikazi, na tatizo hili ninayelijua ni mimi, nimeandika kila kitu hapa. Nikamnyooshea daftari. Hakulipokea. Mkono wangu ulibaki umenyooka pale, wanangu wawili wanaangalia, na yeye akachuchumaa kufungua begi lake la vifaa. "Haya mambo ni ya kitaalamu, mama. We niachie."

Nilimwachia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilirudisha daftari kifuani kama mwanafunzi aliyekosea, nikarudi nyuma hatua mbili. Lakini alipofunga koki kuu na kuanza kubomoa ukuta nilimwambia tena, kwa upole, "Fundi, hiyo koki haifungi kabisa. Maji yatakuwa bado yanapita ndani ya bomba." Akajibu bila kugeuka kwamba kazi hii ameifanya miaka mingi.

Bomba lenyewe ni lile la plastiki gumu la PPR, ambalo haliungwi kwa gundi wala kwa tepu. Linaungwa kwa moto. Mashine inapashwa mpaka nyuzi joto 260, ncha ya bomba inaingizwa upande mmoja na kiwiko, kile kipande cha kuungia bomba kwenye kona, upande wa pili, vyote viwili vinalainika juujuu, kisha unavitoa na kuvisukuma pamoja vikiwa bado vya moto. Vikipoa vinakuwa kitu kimoja, na muungo huo ukifanywa sawasawa unadumu miaka na miaka. Adui yake ni maji. Bomba likiwa na maji ndani, moto unakwenda kwenye maji badala ya kuyeyusha plastiki. Kwa nje unaona kimeungana, kwa ndani hakijashikana.

Sikuyajua yote haya siku ile. Nilichojua ni nilichokiona. Alikata kipande kilichopasuka, na kwenye mdomo wa bomba lililobaki ukutani tone likatunga, likadondoka, likatunga jingine. Alilipangusa kwa kidole gumba. Akasogeza mashine. Nikasikia *chaa*, na mvuke ukapanda. Nikasema, "Fundi, kuna maji." Akasema, "Mama, unanichanganya."

Akasukuma kiwiko huku anakizungusha, akakishikilia kidogo, akafungua maji hapo hapo. Hakuna kilichovuja. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Kisha akaniomba namba ya mume wangu, akampigia mbele yangu kumwambia, "Mzee, kazi imekamilika." Mume wangu alimwuliza kama mama watoto ameridhika. Alisema ndiyo. Hakuniuliza. Alifukia ukuta na saruji usiku unaingia, akaondoka, akaniachia vumbi juu ya kila sahani ndani ya nyumba.

Muungo ulifumuka usiku wa siku ya tatu.

Niliamshwa na sauti ya mama mkwe akiniita. Alikuwa ameamka kwenda msalani, akapita ukumbini gizani akakanyaga maji. Aliteleza. Alidaka mlango wa kabati na bega likagonga ukuta, akakaa chini taratibu, nguo yote imelowa. Nilipowasha taa aliniambia, "Mwanangu, sijaumia, nenda kafunge maji." Alikuwa ameumia. Bega lile lilivimba, likakaa wiki nzima haliinuki, nikawa namvalisha nguo asubuhi na jioni. Mwanamke wa umri ule akivunjika nyonga hujui kama atasimama tena. Kila nikifika hapa kwenye kuisimulia sauti hupotea.

Nilikimbia nje kufunga koki kuu, na mnajua tayari kilichotokea. Haikufunga. Maji yalipungua kutoka mchirizi hadi uzi, na uzi ule ulitiririka mpaka alfajiri. Tukawa tunakinga ndoo chini ya ukuta, ikijaa tunaitoa tunaweka nyingine. Binti yangu mkubwa alikuwa na mtihani asubuhi ile. Nilimwambia akalale, akakataa. Alinishikia tochi, akakamua mashuka tuliyotandaza sakafuni, akaniambia, "Si ulimwambia, mama?" Alisema kwa huruma tu. Lakini nilitamani yule fundi angekuwa pale amsikie.

Asubuhi niliipigia ofisi, na sitaficha kwamba nilipaza sauti. Yule dada wa simu aliniacha nikamaliza, akasema, "Pole sana mama, tunamtuma mtu sasa hivi." Nikasema asiwe yule yule.

Sasa niwe mkweli, maana nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kampuni ile isiguswe na mtu yeyote, na siwezi kusema hivyo moja kwa moja. Aliyekuja alikuwa kijana mdogo, pengine alikuwa bado anajifunza. Alivua viatu mlangoni. Akanipa shikamoo, akampa mama mkwe shikamoo yake, akampa pole ya bega. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri siku nne: "Mama, ilianzaje?"

Nikampa daftari. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa wote, akarudi juu akasoma tena ule mstari wa koki kuu. Akaenda kuijaribu mwenyewe, akarudi akasema, "Umesema kweli, imekwisha ndani. Huu muungo ulichomwa na maji."

Kazi yake ningependa ionwe na kila mtu anayejiita fundi. Alifungua ile koki ya nje ya chini ili maji yanayopenya yapate pa kutokea yasipande jikoni. Akasubiri. Akachungulia bomba, akaingiza kitambaa kikavu kwa kijiti, akakitoa kimelowa, akaingiza kingine, mpaka cha nne kikatoka kikavu. Alikata sehemu yote iliyoungua, akapima, akachora alama kwa penseli pale bomba linapotakiwa kuishia ndani ya kiwiko. Mashine ilipopata moto aliniambia bomba la milimita 20 ni sekunde tano, na akazihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwanangu wa mwisho alikuwa anahesabu naye. Akasukuma moja kwa moja, bila kuzungusha, mpaka kwenye alama ya penseli. Ikatokea pete safi ya plastiki kuzunguka muungo mzima, nene sawasawa kila upande. Akanionyesha ile pete. "Ukiiona hivi, mama, lala usingizi."

Hakufungua maji wala hakufukia ukuta siku hiyo hiyo. Aliacha muungo upoe zaidi ya saa nzima, akafungua koki kidogo kidogo, akatandika karatasi kavu chini yake, akasema tuiache hadi kesho yake tuone kama italowa. Haikulowa. Alirudi akafukia, akafagia, na sahani zangu alikuwa amezifunika kwa shuka kabla hajaanza.

Ukuta umekauka. Rangi mpya imeshika. Nikaweka kigurudumu cha mita chini ya ulinzi wiki nzima, kila usiku, na pale ambapo koki zote zimefungwa kimesimama kimya. Kwa kijana yule nisingesita hata dakika moja. Nilianza hata kufikiri kwamba labda kampuni ni nzuri, ina mtu mmoja mbaya tu, na kila mahali kuna mtu mmoja mbaya. Kijana alikuwa ameandika kwenye karatasi yake ya kazi kwamba koki kuu inatakiwa kubadilishwa, na ofisi ikasema itanipigia kupanga siku. Nilikuwa tayari kuandika kwamba walikosea na wakarekebisha, na kwamba hilo kwangu lina uzito kuliko kutokosea kabisa.

Walipiga wiki iliyopita. Si yule dada, alikuwa mwanamume. Nilikuwa namlisha mama mkwe huku simu imebanwa begani. Akasema wana nafasi kesho kutwa ya kubadilisha koki kuu. Nikasema sawa, naomba aje yule kijana. Akasema wataangalia. Kisha akauliza, "Na mzee atakuwepo siku hiyo? Tunapendelea akiwepo mwenye nyumba, maana ni kazi ya kuzima maji yote."

Nikamwuliza mita ipo upande gani wa nyumba. Hakujua. Nikamwuliza ni koki ipi iko chini kuliko zote. Hakujua. Nikamwambia mume wangu naye hajui, kwa sababu aliyeamka usiku na ndoo ni mimi na binti yangu, na aliyeteleza yuko hapa mbele yangu ananitazama. Akasema, "Mama, nimeuliza tu kwa utaratibu."

Basi huo ndio utaratibu wao. Yule wa kwanza hakuwa mtu mmoja mbaya. Alitumwa akiwa amefundishwa hivyo, na kijana mwema anayeuliza "ilianzaje" ndiye aliyekwenda kinyume na ofisi yake. Nimeifuta kazi ile. Nilipokata simu mama mkwe alinishika mkono akaniambia nile na mimi, chakula kimepoa.

Koki kuu bado ni ile ile, na ukiifunga uzi wa maji bado unapita. Jana niliuliza namba ya yule kijana kwa jirani aliyefanyiwa kazi naye. Amenijibu kwa ujumbe kwamba anaweza Jumamosi asubuhi, na ameuliza kama daftari bado ninalo.