Kozi ya walezi wa biashara Kigoma: mazoezi mazuri, cheti cha wastani

Kozi hii ya walezi wa biashara, yaani watu wa kumwongoza mwenye biashara ndogo, nimeisoma hapa Kigoma mjini: wiki moja darasani, kisha miezi mitatu ya kulea biashara mbili za kweli huku msimamizi akikagua ripoti zako. Kama unafikiria kujiandikisha, jua mapema kwamba hela yako inafanya kazi kwenye hiyo miezi mitatu. Ya darasani mengi ungeyasoma mwenyewe nyumbani.

Darasani mnafundishwa mipaka. Mlezi si mdhamini wa mkopo, si mbia, na si fundi wa kumfanyia mtu kazi zake. Wewe na mlelewa, yaani mwenye biashara unayemlea, mnasaini makubaliano ya ukurasa mmoja: mtakutana mara ngapi, ulezi unaisha lini, siri za biashara zitatunzwaje, na jambo gani likitokea mnaachana. Hapo sina neno, maana karatasi hiyo inakuokoa siku mlelewa anapokuomba umdhamini kwenye kikoba, na siku hiyo huja. Ila walimu walikazia mno kwamba mlezi aulize tu, asitoe majibu. Mtu hajui dumu lake la mawese linamgharimu shilingi ngapi, halafu unamuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo! Huko ni kumpotezea asubuhi yake ya soko.

Zoezi la gharama ndilo lililonifanya niipende kozi. Chukua mama anayenunua mawese kwa dumu la lita 20 na kuyauza kwa chupa za lita moja. Tuseme dumu ni 70,000 na chupa anauza 4,500. Kichwani kwake 4,500 mara 20 ni 90,000, kwa hiyo faida ni 20,000. Sasa kaeni na dumu lenyewe. Chini kuna mashapo, hivyo zinatoka chupa 19. Chupa tupu kwa 400 ni 7,600, bodaboda na mbebaji 3,000, mkaa wa kuyachemsha 2,000. Jumla 82,600, na mauzo ni 85,500. Kilichobaki ni 2,900, na hapo ushuru wa soko na ujira wake mwenyewe bado havijaguswa. Aliyepitia SIYB, mafunzo ya kuanzisha na kuboresha biashara ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ataitambua njia hii: malighafi na kazi ya moja kwa moja kwanza, zile gharama nyingine baadaye. Kwa wauza dagaa wa Kibirizi hesabu hiyohiyo inaanzia kwenye uzito, kwa sababu dagaa akikauka sehemu kubwa ya kilo ulizonunua imeondoka na maji.

Baada ya gharama linakuja daftari la kila siku: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Linapoharibika mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Fedha ya mkopo wa kikoba inaandikwa kama mauzo, au unga wa nyumbani unatolewa kwenye droo bila kuandikwa popote. Dawa yake ni kuongeza safu ya matumizi ya nyumbani, na madeni kuyapa ukurasa wao. Wanaopokea kwa simu wachukue taarifa ya miamala kila mwisho wa wiki wailinganishe na daftari. Wakingoja mwezi uishe, hakuna anayekumbuka ile 15,000 ilikuwa ya nani.

Ukitaka mlelewa akusikilize habari ya daftari, mpeleke kwenye kodi. Kwa viwango vya makadirio vya Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alitozwa 100,000. Anayetunza alitozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 hiyo ni 30,000. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo kabla ya kikao hakikisha cha mwaka huo kwa mamlaka ya mapato, TRA.

Kuhusu cheti chenyewe. Hakikufanyi mhasibu. Kukagua na kusaini hesabu ni kazi ya waliosajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na kuwa mshauri wa kodi kunataka usajili wa TRA. Upande wa pili, CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, peke yake haimfanyi mtu kuwa mlezi: wenye CPA niliowaona kazini humwandikia mlelewa daftari zuri ajabu, wakiondoka linakufa. Ukiweza kuwa na vyote viwili, ndiyo unalipwa. Ukilenga zaidi ukocha, cheti cha ACC cha shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, kinadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na watu, na kinahuishwa kila baada ya miaka 3. Cheti hiki cha kwetu hakikaribii huko. Hata namba ya kukihakiki hakina, na hilo ni pungufu kubwa kwa mtu anayetaka kukipeleka benki au kwenye mradi.

Mengine ya kulalamikia: vitabu vyote ni vya Kiingereza, mifano ni ya kampuni za programu za simu wakati darasa zima ni watu wa mawese, dagaa na sabuni. Ada haigusi nauli ya kuwafuata walelewa, na mmoja akiwa Kasulu utaisikia.

Sipendekezi kwa ambaye hajawahi kushika hesabu za duka lolote. Aanze na mafunzo ya ujasiriamali ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wana ofisi hapa na Tabora pia. Kwa mwenye uzoefu wa hesabu, kabla ya kulipa uliza kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kisha omba kuona fomu ya ripoti ya msimamizi. Ikiwa na nafasi ya saa za vikao, jambo moja mlilokubaliana na takwimu za mauzo kabla na baada, lipa. Ikiwa ni mahudhurio na sahihi tu, rudi na hela yako.