Seti ya chupa ya ikolojia ya lita 2: ngazi nne hai, mbili za karatasi

Ndani ya boksi mna chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, changarawe, kimfuko cha tope la bwawa, mmea wa majini usio na mizizi, konokono, viroboto-maji (wanyama wadogo sana wanaoogelea na kula mwani), na chati ya ngazi sita: kiumbe, kundi la spishi, jamii, mfumo ikolojia, biomu na biosfia. Vifaa ni vizuri. Kijitabu ndicho kinachoangusha.

Kinaagiza wanyama watiwe siku ileile. Usifanye hivyo. Tandaza changarawe kina cha sentimita 3, weka tope, jaza maji hadi robo tatu, tia mmea, kisha subiri wiki mbili. Wanyama wakae kwenye chombo cha wazi. Kinyesi na majani yanayooza hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti kisha nitrati huchukua muda kuongezeka. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi saa 24. Yakiwa na kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyaacha wazi hakutoshi. Tumia dawa ya kuiondoa. Robo ya juu ibaki hewa, kwa sababu usiku mmea nao hutumia oksijeni.

Chati inamwita konokono mmoja "kundi". Huyo ni kiumbe tu. Kundi ni viumbe wa spishi moja wanaoishi mahali pamoja kwa wakati mmoja na wanaoweza kuzaliana, na hapa ndipo chupa inapostahili sifa zake. Konokono hawa wana jinsia zote mbili, kwa hiyo hata mmoja anaweza kutaga mayai yanayoanguliwa. Utayaona kama ute uliobandikwa kwenye kioo. Viroboto-maji majike huzaa bila dume: idadi hupanda kwa kasi, mwani unaisha, idadi inaporomoka. Ili kuifuatilia bila kufungua chupa, bandika fremu ya karatasi ya sentimita 5 kwa 5 kwenye kioo, uhesabu wanaoonekana ndani yake mara moja kwa wiki, saa ileile. Saa ina maana, maana viroboto-maji hupanda na kushuka kufuata mwanga.

Jamii, yaani makundi ya spishi mbalimbali yanayoishi pamoja, nayo inaonekana vizuri, ila mchoraji wa chati amewasahau bakteria, nao ni waozeshaji wakuu humu. Ukijumlisha maji, gesi, changarawe na mwanga, ndipo unapofika kwenye mfumo ikolojia, dhana aliyoipa jina mwanaikolojia Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935.

Kijitabu pia kinapendekeza samaki mdogo "baadaye". Hapana. Kwa wastani, takribani asilimia 10 tu ya nishati ndiyo huvuka kutoka ngazi moja ya ulaji kwenda inayofuata, na mwani wa lita moja na nusu hauwezi kumlisha.

Chupa nyingi hufa kwa jua la moja kwa moja. Maji ya nyuzi 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5, huku wanyama wakihitaji zaidi. Weka mahali penye mwanga usio wa jua kali. Harufu ya yai bovu ukifungua ni dalili kwamba tope limekosa oksijeni: ondoa mizoga na majani yaliyooza, na upunguze tope.

Biomu haimo humu. Hiyo huamuliwa na tabianchi na uoto wa eneo kubwa, kama savana au tundra. Chupa elfu zikipangwa pamoja bado si biomu. Biosfia nayo ni sehemu yote ya dunia yenye uhai, na maneno "biosfia ya milele" kwenye boksi ni ya muuzaji. Biosphere 2, jengo la majaribio lililofungwa huko Arizona, Marekani, lenye takribani hekta 1.27, ilifungiwa watu 8 mwaka 1991. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14.5, na mwaka 1993 ikabidi iongezwe kutoka nje. Vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi viliitumia kuliko mimea ilivyoirudisha, na kaboni dioksidi ambayo vijidudu hivyo viliitoa ikanaswa na zege, mimea isiipate.

Ukinunua, chukua yenye mdomo mpana unaopitisha mkono. Ile ya shingo nyembamba haikuruhusu kutoa konokono aliyekufa, na mmoja akiozea chini anatosha kuyachafua maji yote.