Taa ya nyota ya watoto ya elfu 28: kuweweseka haizuii, ila sijaitupa

Hii taa nilinunua Kariakoo mwezi wa tatu, ile ya duara yenye kofia ya vitundu vitundu, ukiwasha inatupa nyota na mwezi ukutani, ina rangi nne, nyimbo za kubembeleza na karimoti kadogo, unachomeka kwenye chaja ya simu. Alianzia elfu 40 tukapatana 28. Nilimweleza muuzaji shida yangu yote palepale, mwanangu ana miaka 2 na miezi 9 na karibu kila usiku anapiga kelele usingizini, akaniambia dada hii ndo dawa yake, mtoto akilala anaona nyota hawezi kuota vibaya. Nikaamini maana nilikua nimechoka mpaka akili haifanyi kazi, na naandika haya kwa ajili ya mama mwingine atakaesimama pale amechoka hivohivo.

Shida yenyewe ilikua hivi. Analala vizuri kabisa saa tatu na nusu usiku, ikifika kama saa tano mara anakaa ghafla kitandani anapiga ukunga, macho yamemtoka lakini hayaniangalii mimi yanaangalia pembeni yangu, jasho mpaka fulana imelowa, ukimwekea mkono kifuani moyo unaenda kama kifaranga ulichokishika kiganjani. Anasema hapana hapana hapana, nikimkumbatia ananisukuma kama hanijui kabisa, na hicho ndo kilichokua kinaniliza, mtoto wako mwenyewe anakukimbia wewe. Dakika kumi, siku nyingine robo saa, alafu anajilaza mwenyewe kimya kama hakuna kilichotokea. Asubuhi anadai chai na chapati, hakumbuki chochote.

Usiku wa kwanza mama mkwe alikuwepo akasema hii ni degedege, akanifungia mvuje kwenye kitambaa tukaweka chini ya mto, na sikumkatalia kwa sababu alikesha na mimi mpaka asubuhi na mvuje haukumdhuru mtoto. Ila hospitali tulienda palepale usiku. Homa hana, malaria hana, mwili haukukakamaa wala kutikisika, wakatuambia sio degedege turudi nyumbani. Sawa, sio degedege, lakini ni nini hakuna alieniambia.

Basi taa. Wiki ya kwanza niliiwasha kila siku, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba sisi tunalala kwenye chandarua kwahiyo nyota hazifiki darini, zinaishia kwenye neti. Mtoto alipenda sana, anazikamata kwa vidole moja moja huku anahesabu mbili, nne, mbili. Ila alikua anacheza nazo badala ya kulala, tukawa tunafika mpaka saa nne bado yuko macho, na saa tano na nusu ukunga uleule. Kwahiyo wiki ile taa ilituongezea tatizo, hilo nalisema wazi. Rangi ya bluu ndo mbaya zaidi, inang'aa sana na mwanga wa bluu unaufanya ubongo uone bado mchana, usingizi unachelewa kuja. Nyekundu ndo nzuri, hafifu, unaona njia ya kwenda kumfunika mtoto basi.

Kilichotusaidia ni daktari wa watoto ambae kwanza aliomba kuona video. Wamama wenzangu rekodini jamani, hata dakika moja na simu, maelezo ya mdomo hayafiki. Akaangalia, alafu akauliza maswali ambayo sikuyategemea: analala saa ngapi anaamka saa ngapi, anakoroma au hakoromi, na kwenye ukoo kuna mtu anaetembea usingizini. Nikampigia mama mkwe hapohapo, akacheka akasema mbona baba yake alikua anafungua mlango anatoka mpaka uani kalala kabisa, tulikua tunaficha funguo. Daktari akasema ndio, hivi vitu vinatembea kwenye familia.

Akanieleza kwamba kuweweseka kwa namna hii sio ndoto mbaya. Mtoto anakua kwenye usingizi mzito, ubongo unataka kupanda kwenda usingizi mwepesi unakwama katikati, mwili umeamka yeye bado kalala. Ndo maana inatokea mwanzo mwanzo wa usiku, kati ya lisaa limoja na masaa matatu tangu alale, na ndo maana hakumbuki. Ndoto mbaya inakuja zaidi kuelekea alfajiri, na hapo mtoto anaamka kweli, anakutambua, anakuganda shingoni, anaweza hata kukusimulia. Nikakaa nikafikiria ile taa. Macho ya mwanangu yako wazi lakini hayaoni hizo nyota, hanioni hata mimi, zitamtuliza vipi?

Sababu yetu kubwa ilikua uchovu. Mwezi wa pili alianza chekechea, basi linamchukua asubuhi na mapema kwahiyo naamsha saa kumi na mbili, na kule mchana hawalazwi. Pigeni hesabu, saa tatu na nusu mpaka saa kumi na mbili ni masaa 8 na nusu, wakati mtoto wa umri huu anatakiwa apate 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na wa mchana. Na mtoto akichoka kupita kiasi usingizi mzito unakua mzito zaidi ndo anakwama. Mi nilikua nadhani nikimchosha atalala vizuri!

Tukabadilisha, anakula mapema, kitandani saa moja na nusu, tivii inazimwa hata kama baba yake hajamaliza habari, na nimeongea na mwalimu wamemuwekea kigodoro analala lisaa limoja baada ya chakula. Anakojoa kabla ya kulala maana kibofu kikijaa nacho kinamshtua. Alafu kwa wiki tatu nilikua namgusa kidogo kama nusu saa kabla ya ule muda wake, namgeuza tu mpaka agunegune, alafu anaendelea kulala, daktari alisema inavunja ile hali kabla haijafika. Kutoka mara tano kwa wiki ikawa mbili, ikawa moja. Mwezi wa tano wote kaweweseka mara mbili tu na moja alikua na homa. Ikitokea simtikisi wala simwamshi kwa nguvu, nakaa pembeni asianguke, naongea polepole, na godoro nimelishusha chini.

Turudi kwenye taa sasa maana kuna vitu muuzaji hawezi kukwambia. Rimoti inatumia ile betri ya duara bapa kama sarafu na kifuniko chake hakina skrubu, nilikuta mwanangu ameshakifungua kwa kucha. Ile betri mtoto akimeza inaunguza koo ndani ya masaa mawili, sio utani, rimoti nimeitoa kabisa chumbani na taa naibonyeza mwenyewe. Hiki peke yake kingetosha nisinunue kama ningekijua. Pia inajizima baada ya nusu saa, hamna namna ya kuiacha iwake usiku kucha bila kuibonyeza upya. Waya mfupi. Nyimbo zinapiga juu sana hata ukishusha, mi sizitumii.

Kama mtoto wako anaogopa giza au anaota vibaya alfajiri, nunua yoyote yenye mwanga mwekundu au wa chungwa, hafifu, isiyo na nyimbo wala rimoti, na isiyozidi elfu 15, nyota sio lazima. Kama anaweweseka kama wangu weka hela yako mfukoni kwanza, mlaze mapema wiki mbili uone. Na kama anakakamaa, anarusha mkono au mguu kwa mtindo mmoja unaojirudia, anatoka mate, inamtokea mara nyingi usiku mmoja au hata mchana, au anakoroma na kukata pumzi, usisome rivyu yangu, nenda hospitali na video yako.

Mi nimeibakiza kwa sababu ya juzi. Saa kumi alfajiri nikasikia mama, mama, sauti ya kawaida ya kulia, nikaenda nikabonyeza ile nyekundu, akaniona. Akanishika shingo na mikono yote miwili akaniambia mbwa amekula kandambili yangu. Nikamwambia twende tukaangalie, tukaenda mlangoni, kandambili zote mbili zipo, akazishika, akazibeba akarudi nazo kitandani akalala.